Rangi ya Britta kwenye Simu ya Baba

Bwenini, 6 Oktoba

Baba mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu tukizungumza kwa simu unapiga kelele kama unaita ng'ombe ng'ambo ya bonde, halafu unasema "haya, sawa" na kukata kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Trekta limekuharibia masikio, sikulaumu. Tena huko kwetu mtandao unashika zizini tu, karibu na ile antena ya mikanda ya kupimia ng'ombe afya, na mimi sitaki ng'ombe wako Petunia asikilize mambo yangu.

Chuo ni kikubwa, na chakula kipo. Jibini yao nimeitafuna nikangoja ilie kwenye meno kama ile mbichi ya kwetu, haikulia. Usimwambie Mama, ataleta ndoo nzima. Mwenzangu wa chumbani anaitwa Hadley, mtoto wa mjini, muogeleaji, ana moyo mzuri na viatu vingi.

Sasa sikiliza. Sisi wa mwaka wa kwanza tumepewa programu ya simu inayoitwa Shusha Pumzi, pamoja na mkanda wa kuvaa mkononi. Inapima usingizi, mapigo ya moyo na mwendo, na kila jioni inakuuliza umekula nini. Ikiona umebanwa na masomo, inalia kengele, na mwanamke mwenye sauti laini anakwambia vuta pumzi, shikilia, shusha. Mimi nimepumua tangu nizaliwe bila kufundishwa na mtu, lakini basi. Siku ikiisha inakupa rangi. Kijani, mambo ni safi. Njano, jiangalie. Nyekundu, kuna tatizo.

Tumeambiwa tuchague ndugu mmoja wa kuona vipimo vyetu. Nimekuchagua wewe, maana kusoma mambo ya namna hii ndiyo kazi yako. Ndiyo, Baba, najua ninachokifanya. Nimejivisha mkanda kama ng'ombe wako.

Kemia ni ngumu kidogo. Nitaiweza.

Binti yako,
Britta

*

Shambani, 12 Oktoba

Mwanangu Britta,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Programu yako nimeiweka jirani na ile ya ng'ombe. Asubuhi kabla ya kukamua nawatazama wote kwa pamoja. Juzi Petunia alikuwa njano na wewe kijani. Petunia nikamnyanyua kwato, nikakuta kijiwe. Wewe nikakuacha. Leo Petunia ni kijani na wewe ndiye njano. Nimemwambia Mama, akasema niache kukuchungulia, msichana anasoma.

Nilikwenda kule kinuni wanakosaga nafaka kuchukua chakula cha ndama. Jirani Lyle alikuwepo, na wale wengine wanaokunywa kahawa pale kana kwamba hawana mashamba. Wakaniuliza habari zako. Nikawaambia unasomea udaktari wa mifugo, na ukirudi huyu daktari tuliye naye, anayefika ndama akishazaliwa, atafute kazi nyingine. Lyle akasema atakuwa mteja wako wa kwanza. Nikamwambia akae kwenye foleni, wa kwanza ni mimi.

Mahindi yote yameshaingia kwenye ghala. Hapa kumeanza baridi.

Kula.

Baba yako,
Delbert Zurfluh

*

Bwenini, 19 Oktoba

Baba mpendwa,

Huna haja ya kuandika jina la ukoo. Nawajua akina Zurfluh.

Njano isikusumbue. Maktaba iko juu ya kilima, natembea sana. Mitihani ya katikati ya muhula tumeshafanya, majibu bado. Juzi kengele ya Shusha Pumzi ililia katikati ya somo la kemia, na yule mwanamke akaanza kwa sauti: vuta, shikilia, shusha. Mwalimu akaacha kuandika ubaoni akauliza kama kuna anayejifungua humu ndani. Watu walicheka mpaka kipindi kikaharibika.

Wasalimie kina Lyle. Usiwaahidi mambo mengi.

Nina haraka,
Britta

*

Shambani, 24 Oktoba

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuzunguka. Wiki hii nimekufuatilia kila asubuhi. Huli vizuri. Usingizi wako ni wa vipandevipande. Unatembea huku na huku bila kufika popote. Umekaa kitako lakini moyo unakwenda mbio. Mtamba akinionyesha hayo kwenye simu, simpigii daktari. Najua yuko kwenye joto, anataka dume, na ninampigia mtu wa mbegu.

Sasa wewe si mtamba, na Mama ameniambia nikiandika sentensi hiyo ya juu hatanipikia Jumapili. Nimeiandika akiwa kazini. Ninachosema ni kwamba dalili nazijua, nimezisoma maisha yangu yote, na hazijawahi kunidanganya.

Kwa hiyo nakuuliza kama baba: kijana mwenyewe ni nani? Sina hasira. Mama yako naye alikuwa hivyohivyo mwaka ule wa dansi za kanisani, alikonda, akawa anagonga milango, na hakuwa na mkanda wowote. Ikaishia vizuri. Niambie tu anaitwa nani na kwao wanafuga nini.

Baba yako,
Delbert

*

Bwenini, 1 Novemba

Baba mpendwa,

Umenikamata. Kwako mtu hawezi kuficha kitu.

Anaitwa Garrett. Anasomea udongo. Ni mrefu, mpole, ana miwani. Kwao ni Iowa na wanafuga nguruwe. Zaidi ya hapo naona haya kuandika, na ninakuomba habari hii ibaki kati yetu.

Binti yako,
Britta

*

Bwenini, 1 Novemba

Mama,

Hii nimeituma maktabani kwako, kazini, ili isipite mikononi mwa Baba. Isomee kule nyuma kwenye rafu za ramani, hakuna anayefika.

Garrett hayupo. Hajawahi kuwepo. Kilichopo ni kemia, na nimeifeli. Majibu yalikuwa yametoka zamani, nilimdanganya Baba. Sikufeli kidogo, Mama. Nilifeli namna ambayo mwalimu aliandika "njoo tuongee" na kuipigia mstari. Tangu hapo chakula hakipiti. Nalala nikiwaza, naamka nikiwaza, natembea kwenye korido mpaka Hadley ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Barua ya Baba ilinichekesha mpaka machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Halafu nikafikiri, ametoa jibu mwenyewe, mimi nifanye tu kulikubali. Msichana aliyependa kila mtu anamfurahia. Msichana aliyefeli anarudi nyumbani, na kinuni wananyamaza akipita. Baba ameshawaambia wote nitakuwa daktari wao. Nikimwaza amesimama pale na kikombe chake, akiwaambia imeshindikana, natamani ardhi inimeze.

Bado kuna muda mdogo wa kuliacha somo hili na kulirudia masika. Lakini lazima wazazi wajue, na udaktari unaweza kuchelewa, au usiwepo kabisa. Nifanye nini?

Usimwambie.

Britta

*

Maktabani, 6 Novemba

Mtoto wewe,

Nimeisoma nyuma kwenye ramani kama ulivyoagiza. Yule mzee anayesoma historia ya reli alikuwepo, akanipa leso yake, nami nikamwambia ni mafua.

Kwanza kula. Jibini iko njiani, na hii inalia.

Pili, hilo la "ibaki kati yetu" sahau. Baba yako hakufika hata saa ya chakula cha mchana. Kinuni wanamjua Garrett kuliko unavyomjua wewe. Jana mtu alinishika mkono kanisani akaniuliza kama ni kweli amezaliwa kwenye nguruwe. Wewe na baba yako mtanizeesha.

Sitamwambia. Uongo ni wako, utautoa mwenyewe. Lakini akiniuliza uso kwa uso sitamdanganya, silali kitanda kimoja na mtu niliyemdanganya. Kwa hiyo omba asiniulize, na uandike haraka.

Unaogopa atasikitika mbele ya Lyle. Mimi nitakwambia nisichotakiwa kusema. Siku hizi baba yako anaamka kabla ya ng'ombe. Anakwenda kusimama zizini kwenye baridi, kwa sababu mtandao unashika hapo tu, na wa kwanza kutazamwa ni wewe. Ukiwa kijani anarudi kunywa kahawa akipiga mluzi. Ukiwa njano anakunywa kimya, na mimi nakunywa kimya naye. Wiki mbili hizi alikuwa anapiga mluzi hata kwenye njano, kwa sababu anadhani umependa. Sipendi kumwona mtu wangu akifurahia kitu ambacho hakipo.

Na hiyo programu yako, nimesoma habari zake hapa kwenye kompyuta. Kuna kitufe cha kuongea na mshauri. Kuna mtu amekaa pale anangoja kubonyezwa. Mbonyeze.

Mama

*

Shambani, 9 Novemba

Mwanangu,

Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Mwambie Garrett anakaribishwa.

Nimepanda kwenye kibanda cha Babu cha kuwindia, kile cha juu ya mti wa mwaloni. Nimebadilisha mbao zilizooza na kuweka ngazi mpya, maana hao watu wa Iowa hawana miti, huenda hajui kupanda. Tangu Babu afe hapajakaa mtu pale. Lyle aliwahi kuniomba nikamkatalia, naye tumekua pamoja. Lakini nikaona kibanda kikikaa wazi hakimfaidii Babu wala mtu yeyote. Koti la kuwindia la rangi ya chungwa Mama analitafuta, ingawa analitafuta polepole. Nikimtaja kijana huyu anaangalia dirishani. Nadhani ni habari ya nguruwe. Mwambie Garrett asijali, kuzaliwa kwenye nguruwe si kosa lake.

Wewe bado ni njano. Najua sababu, sisemi kitu.

Baba yako,
Delbert

*

Bwenini, 14 Novemba

Baba mpendwa,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kaa kwanza, kama umesimama.

Hakuna Garrett. Nilimtunga. Uliniuliza kijana ni nani, na nikaona ni rahisi kukupa kijana kuliko kukupa ukweli. Ukweli ni kwamba nimefeli kemia, vibaya, na nimekuficha tangu Oktoba. Dalili ulizoziona zilikuwa za kweli zote. Sikuwa kwenye mapenzi, nilikuwa kwenye hofu, na mwili wangu inaonekana haujui kuvitofautisha hivyo viwili.

Kibanda cha Babu ndicho kilichonishinda. Ningeweza kukuacha uendelee kuwasimulia watu wote wa kinuni, lakini kukuona kwenye ngazi ukipigilia mbao kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, hapana. Nisamehe, Baba.

Nikuambie na mengine, kwa kuwa nimeshaanza. Wiki iliyopita mkanda ulipiga nyekundu, wewe hukuiona kwa sababu nilikufungia usione vipimo siku hiyo nzima. Nikabonyeza kitufe cha mshauri. Ni mama mmoja mfupi, Bi Okonski, ofisi yake imejaa mimea iliyokauka. Nilimweleza habari yako na mtamba, akaomba ruhusa ya kutoka nje ya ofisi acheke vizuri. Aliporudi tukaongea mpaka nikasikia njaa. Yeye ndiye aliyenisaidia kuamua niliache somo, nilirudie masika na mwalimu wa ziada, kisha tuone kama udaktari bado unaniita. Labda unaniita. Labda hauniiti. Sijui, na sijawahi kukuandikia hilo neno.

Na yule mwanamke wa vuta-shikilia-shusha niliyekuwa namcheka, sasa tunakutana naye jioni kwenye chumba cha kufulia, mimi na Hadley na wengine kadhaa, kwa sababu kule kuna joto. Tunaweka simu moja juu ya mashine ya kukaushia, tunapumua kama wajinga. Baba, inasaidia. Nikitoka pale nalala.

Lakini wewe nilikuwa bado sijakwambia, na hilo halikuwa na kitufe.

Najua umeshawaambia watu. Samahani kwa hilo zaidi ya yote.

Britta

*

Zizini, 17 Novemba

Britta,

Nimeisomea hapahapa kati ya ng'ombe. Nilikaa kama ulivyosema, juu ya ndoo.

Nilikuwa natazama rangi ili nisilazimike kukuuliza. Mkanda ulisema kweli, mimi nikasoma ninachokijua. Ng'ombe hawezi kuniambia, kwa hiyo namvisha mkanda. Wewe una mdomo, tena mkubwa, umeurithi kwa mama yako. Jina langu liondoe kwenye hiyo programu. Wewe endelea nayo, na huyo mama mwenye mimea, kama vinakufaa.

Alhamisi Lyle atakamua jioni. Nitakuja. Usipike kitu, usisafishe kitu. Niambie mlango ni upi tu.

Baba

*

Bwenini, 21 Novemba

Mama,

Bila shaka Baba ameshafika nyumbani na ameshakwambia "ilikuwa sawa", basi nikupe habari kamili.

Bado siamini kwamba alimwachia mtu kukamua. Uliniambia hata siku niliyozaliwa alikamua kwanza ndipo akaja hospitali. Alhamisi natoka maktabani, namwona amesimama mbele ya bweni na viatu vya zizini, ameshika kofia, na wanafunzi wanampita kwa mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Nilimkumbatia, harufu ikawa yetu sote. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, kama anavyomwangalia mnyama mnadani, akasema, "Umekonda." Nikasema, "Nimeanza kula." Akasema, "Haya, sawa." Safari hii hakukata.

Hadley alipojua ni mfugaji akamuuliza kwa dhati kabisa kama maziwa ya chokoleti yanatoka kwa ng'ombe wa kahawia. Baba akafikiri. Akamwambia ndiyo, lakini ukimkamua kwa upole tu, ukimkorofisha yanatoka meupe. Sijamrekebisha Hadley, na usimrekebishe ukimwona Krismasi, maana nimemkaribisha.

Jioni tukaenda chumba cha kufulia. Nilidhani atangoja nje, akaingia, akageuza kapu la nguo akalikalia. Yule mwanamke akasema vuta, Baba akavuta. Akasema shikilia, Baba akashikilia. Aliposema shusha, Baba alikuwa ameshalala, na akaanza kukoroma. Hakuna aliyecheka, Mama. Au tulicheka kidogo. Halafu mmoja akazima simu, na tukaendelea kupumua kwa kufuata mkoromo wake, maana ulikuwa na mpangilio mzuri zaidi.

Kisha tukakaa bwaloni, watu wamejaa. Nilimweleza yote tena kwa mdomo. Hakuniambia nisilie wala hakuniambia mambo yatakuwa mazuri. Alikula viazi vyangu vyote. Halafu akashusha uma, akasema, "Kumbe huyo kijana hayupo kabisa?"

"Hayupo, Baba."

"Nilikuwa nimeanza kumzoea."

"Pole."

"Sasa kinuni nitawaambia nini? Kesho wataniuliza."

Hapo ndipo palipokuwa pananiuma tangu Oktoba, Mama, hapohapo. Nikamwambia sijui. Akasema, "Hujui? Wewe ndiye mwenye habari. Niambie nikaseme." Nikainamisha kichwa nikasema, waambie nimefeli kemia, nitairudia masika, na udaktari bado sijui.

Akanitazama, akangoja kama kuna zaidi. Nikamwambia ni hayo tu. Akasema, "Ni hayo tu?" Akatoa simu mfukoni, akampigia Lyle palepale mezani. Unamjua akipiga simu. Alisimama, akaziba sikio moja, akapaza sauti:

"Lyle! Nisikilize. Niko na Britta. Amefeli kemia. KEMIA. Ndiyo, amefeli. Anairudia masika. Udaktari hajui bado, tutaona. Hapana, yule wa nguruwe hayupo, nitakueleza. Yeye yuko sawa, amekaa hapa mbele yangu, anakula. Sasa sema, Petunia ametoa maziwa kiasi gani?"

Bwalo zima liligeuka, meza kwa meza, na mimi nilikuwa katikati na uma mkononi. Nikangoja aibu ije, haikuja. Nikavuta kiti cha Baba ili akae akimaliza, nikaenda kumwongezea viazi.

Binti yako,
Britta